Barua ya Saba kutoka Geita

Wiki iliyopita nilinunua viatu vya kazini, na nilipofungua boksi, ile karatasi nyembamba iliyovifunika ilitoa mlio mkavu, kama mtu anayekanyaga majani ya mahindi yaliyokauka. Nikasimama pale dukani na kiatu kimoja mkononi. Nilikuwa tena na miaka kumi na moja, nimekaa kwenye zulia la Shangazi Zaituni kule Gulfton, Houston, nikisikiliza barua ya babu ikikunjuliwa. Muuzaji akaniuliza kama kiatu kinabana. Nikamwambia kidogo.

Ninyi nitawaambia kilichobana.

Tuliishi Fort Worth, mimi na baba na mama. Baba alifanya kazi kwenye ghala la vipuri, mama hospitalini, na zamu zao zilipishana kiasi kwamba mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee aliyewaona wote wawili kwa siku moja. Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia tu, tena cha mambo madogo ya nyumbani. Baba akisema kwa Kiswahili, nilimjibu kwa Kiingereza, na kila mmoja aliridhika. Kusoma nilijua kwa sababu mama alinifundisha silabi nikiwa mdogo. Ningeweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti bila kujua ulikuwa unasema nini, kama kasuku aliyepelekwa shule.

Mwaka ule uliofuata mafuriko makubwa ya Houston, mwalimu wetu wa historia alitufundisha mbio za dhahabu: jinsi watu walivyoacha wake na mashamba yao wakaelekea magharibi, California, na jinsi walivyoandika barua nyumbani. Alitusomea baadhi. Mmoja alilalamikia maharage, mwingine mvua, wote waliahidi kurudi matajiri. Kisha akatuagiza kila mtu alete barua ya mtu wa ukoo wake aliyewahi kuondoka kwenda kutafuta maisha, aieleze mbele ya darasa.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Babu yangu, nilisema kwa fahari, alikuwa gold digger.

Darasa zima lilicheka hadi mwalimu akagonga meza. Nilitaka kusema mchimba dhahabu; sikujua kwamba Kiingereza cha mitaani kimelipa neno hilo maana ya mwanamke anayewinda pesa za wanaume. Nilikaa chini masikio yakiwaka moto, nikaapa kuwaletea barua yenyewe, yenye mwandiko wa babu, wanyamaze.

Maana barua tulikuwa nazo. Babu alitoka Kondoa baba akiwa bado anatambaa, akaenda kuchimba dhahabu Geita. Aliandika barua kumi na moja, kisha zikakatika, na baada ya miaka ikaja habari kwamba amefia hukohuko. Bibi Mwajuma hakujua kusoma. Aliyemsomea ni Shangazi Zaituni, mtoto wake wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Na Shangazi alipohamia Marekani alikuja na barua zote, eti huku ndiko zitakakokuwa salama, hakuna mchwa. Alizihifadhi kwenye bahasha moja na makaratasi yake ya uhamiaji.

Nilimsumbua baba wiki tatu. Wiki ya kwanza gari lilikuwa bovu. Ya pili alipewa zamu ya Jumamosi. Ya tatu mwalimu alinikumbusha mbele ya watu kwamba wenzangu wote wamemaliza. Ndipo tukaenda, saa nne na ushee barabarani, baba akisinzia kwenye kila kituo cha mafuta, mimi nikiwa na daftari jipya mapajani.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ghorofa ya pili, kwenye jengo ambalo harufu ya vitunguu vya jirani Mkongo na iliki ya jirani Mwafghani zilikutana kwenye ngazi. Yeye alikuwa mwanamke mpana, mwenye kucheka haraka. Siku ile hakucheka. Alitoa bahasha kama mtu aliyeombwa amtoe mtoto jino.

"Nitakusomea mbili tu," akasema. "Andika."

Alisoma vizuri ajabu. "Mke wangu Mwajuma, kila nikishuka shimoni nakuona wewe. Nikipata, nitarudi tujenge nyumba ya bati." Nilifurahi. Lakini macho yake hayakutembea. Yalikuwa yametulia kwenye ukingo wa karatasi huku mdomo ukienda. Nilijisogeza. Barua ilikuwa na mistari sita tu, na yeye alikuwa amekwisha soma habari za kujaza kurasa mbili.

"Auntie, nyumba ya bati iko wapi?"

"Iko hapo."

"Wapi? Nionyeshe. Ume-skip, halafu ume-add!"

"Nuru!" Baba aliniita jina langu kutoka kwenye kochi, macho ameyafumba. "Heshima."

Shangazi aliikunja ile barua. "Mtoto asiyejua hata kuomba maji kwa Kiswahili anataka kunikagua mimi." Akainuka kwenda kugeuza wali jikoni.

Nilikuwa nimekasirika. Wiki tatu, saa nne, daftari jipya, na mtu mzima ananidanganya waziwazi. Nilichukua ile barua, juu yake Shangazi alikuwa ameandika namba 7 kwa kalamu ya risasi, nikaipiga picha kwa tableti yangu. Aliporudi, nilikuwa nimekaa kwa adabu kuliko nilivyowahi kukaa maishani.

Jumapili tulikuwa tumesharudi Fort Worth. Kila Jumapili asubuhi, kwake ikiwa jioni, tulimpigia Bibi simu ya video. Mama alikuwa kazini, baba aliongea naye kidogo kisha akaniachia simu, akatoka kwenda kuosha gari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenza." Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwamba sote wawili ni wake wa babu. "Umeamkaje?"

Nilimweleza, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, kwamba nina kazi ya shule, kwamba nina barua ya babu, na kwamba Auntie hataki kunisaidia maneno magumu. Uso wake ulisogea kwenye kioo mpaka nikaona jicho moja tu na ukingo wa ushungi.

"Unayo hapo? Na unajua kuisoma?"

"Najua."

"Basi soma. Mimi nitakwambia maana."

Nikasoma, silabi baada ya silabi, kidole kwenye tableti. "Kwa Mwajuma. A-ma baada ya salamu, dhu-muni la barua hii ni kukujulisha kuwa..." Nikasita. "Bibi, dhumuni ni nini?"

"Ni sababu. Kile mtu anachokitaka. Endelea."

"...kuwa huku nimekwisha oa. Kwa barua hii nimekupa ta-laka. Usinisubiri wala usinitafute. Uki-poswa, olewa. Watoto nimekuachia."

Nilijivunia sana. Nilikuwa nimesoma bila kukwama isipokuwa mara tatu. Kule Kondoa jogoo aliwika mahali fulani, ingawa ilikuwa jioni.

"Bibi? Talaka ni nini?"

Akanijibu, kwa sauti ileile ya kufundisha: "Talaka ni mwanamume kumwambia mke wake kwamba si mke wake tena."

"Na ukiposwa?"

"Kuposwa ni kuombwa uolewe. Mke mwenza, soma tena. Polepole."

Nikasoma tena. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Sikujua nimefanya nini, lakini nilijua kwamba nimefanya. Jicho lake lilitoka kwenye kioo, nikaona paa tu, na sauti yake ikasema, "Mwambie shangazi yako anipigie." Simu ikakatika.

Nilimpelekea baba habari kule nje. Aliniomba tableti kwa mikono yenye povu. Alisoma akiwa amesimama, maji ya bomba yakimwagika kwenye lami, mpaka nikayafunga mimi. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu, kwa Kiingereza, lugha aliyonisemesha mara chache sana, "Go inside." Nikaingia ndani.

Baadaye nilisikia mengi kupitia ukuta na mengine niliambiwa nilipokua. Shangazi, yule msichana wa miaka kumi na miwili, alifungua barua ya saba mbele ya mama yake aliyekuwa amembeba mgongoni mtoto mgonjwa, akayaona maneno yale, na mdomo ukasoma mengine, yaleyale ya nyumba ya bati aliyonisomea mimi. Alidhani atamwambia kesho. Kesho yake mama yake alikuwa anaimba akitwanga. Barua zilipitia sanduku la posta la shule, yeye ndiye aliyezileta nyumbani, kwa hiyo babu alipoacha kuandika, ya nane aliiandika yeye mwenyewe. Na ya tisa. Na nyingine mbili, mpaka akaishiwa. Babu alipokufa, Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi, kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa amekwisha mwacha miaka mingi.

Na kulikuwa na fundi cherehani, mzee mpole mwenye duka karibu na soko, aliyemposa Bibi mara mbili. Mara zote mbili alimjibu, "Mimi nina mume, yuko machimboni." Fundi yule alioa kwingine, akafa mwaka mmoja kabla ya simu yangu.

Bibi hakumsemesha Shangazi kwa zaidi ya mwaka. Shangazi alipiga, simu ikaita hadi ikachoka. Alituma zawadi, zikarudishwa na aliyezibeba. Na mimi hakunisemesha tena. Jumapili tulipompigia alizungumza kwa ufupi na baba tu, ambaye tangu siku ile alimsikiliza amesimama. Mimi nilisikia sauti yake kutoka chumba cha pili, nikisubiri aulize, "Mke mwenza yuko wapi?" Hakuuliza. Nilikuwa nimekasirika na kila mtu: Shangazi aliyedanganya, Bibi aliyeniadhibu kwa kusoma nilichoambiwa nisome, baba aliyenyamaza. Hata mwalimu. Nilimpelekea kurasa mbili za nyumba ya bati, akaniandikia kwamba ni nzuri sana lakini barua yenyewe iko wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2019 Bibi alimtumia baba ujumbe kupitia jirani: anazitaka barua zake zote. Shangazi alizifunga kwenye mfuko, akampa mama mmoja anayeishi mji wa Garland, aliyekuwa anakwenda Tanzania. Baba akajitolea amtafutie Bibi mtu wa familia wa kumsomea. Bibi alikataa. Nilikuwa nimekaa karibu na simu, nikasikia mwenyewe.

"Nimechoka kusomewa na watu wanaonipenda," alisema.

Alimlipa karani wa ghala la alizeti, kijana asiyemjua kabisa, akamsomea zote kumi na moja kwa siku moja. Karani alipofika ya nane alimwambia, "Mama, hizi nne za mwisho ni mwandiko wa mtoto." Bibi akamwambia asome. Alipomaliza, saba za kwanza Bibi alizitia motoni, zikachemsha maji ya chai. Zile nne alizirudisha kwenye mfuko.

Alimpigia Shangazi mapema mwaka uliofuata. Shangazi alikata tiketi siku hiyohiyo. Kisha korona ikaja, ndege zikasimama, na wale wawili wakapatana kwa simu, vipande kwa vipande, mtandao ukikatika kila walipofika penye jambo. Bibi alifariki kabla ya mwaka ule kwisha. Shangazi aliangalia mazishi ya mama yake kwenye simu kule Gulfton, jirani wa Bibi akituonyesha kutoka Kondoa, picha ikiganda, mimi na baba tukiwa pembeni yake tumevaa barakoa. Mimi Bibi alikuwa amenisemesha mara moja tu, katika wiki zake za mwisho. Aliniuliza kama nimeshajua Kiswahili. Nikamwambia najitahidi. Akasema, "Jitahidi."

Siku hizi nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki, na mara nyingi wananiita nitafsiri. Mwezi uliopita aliletwa mama mmoja Mkongo, ana wajukuu watano, anacheka na kila mtu. Daktari alisema maneno manne kwa Kiingereza, habari ya ugonjwa usiopona, akanigeukia. Yule mama naye akanigeukia, anatabasamu, anasubiri. Na nikahisi ulimi wangu, bila mimi kuutuma, unatafuta sentensi nyingine. Ilikuwa tayari, nzuri, laini, na hakuna mtu chumbani ambaye angejua.

Miaka yote nilidhani Shangazi alikaa chini akapanga uongo. Sikujua kwamba huja wenyewe, upesi hivyo, na kwamba ni kuuzuia ndiko kunakotaka kupangwa.

Nilimwambia yule mama yote, neno kwa neno. Hakunishukuru.

Nilipotoka mle ndani nilimpigia Shangazi. Sikumwambia kitu. Nilimwamkia tu, kwa Kiswahili, na nikamwacha aongee.