Mama Mkwe Ndani ya Kamera

Mjukuu wangu ametimiza mwaka mmoja wa ndoa, na kwa sababu hiyo yeye na mkewe wamezungushwa mji mzima na mpiga picha. Mara wako kwenye ngazi za jengo refu, mara katikati ya barabara magari yakiwapigia honi, na kila mahali wanatazamana kana kwamba wamekutana jana. Wameniletea picha hizo kwenye simu, nikazisukuma mpaka kidole kikachoka. "Nzuri," nikawaambia, na kweli ni nzuri. Lakini nilicheka mno, na mjukuu akanuna, maana hakujua nacheka nini. Nilikuwa nimeikumbuka picha moja ya wazazi wangu, iliyopigwa Nairobi katika miaka ya hamsini, ambayo nusura imtie mpiga picha wazimu.

Tulikaa mtaa wa Kaloleni. Baba alikuwa karani wa reli na mtanashati kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu mimi, binti yake mkubwa, ndiye niliyepuliza makaa ya pasi. Alivaa kofia yake imeinamia jicho moja, na asubuhi akienda kazini alichagua njia ndefu, ile inayopita mbele ya nyumba nyingi. Alipenda kuonwa, na wala hakuona haya kukubali. "Mtu akivaa vizuri asionwe, amemvalia nani?" alikuwa akisema.

Mama yeye alikuwa mtu wa maneno machache na mipango mingi. Jioni moja, baba akiwa ameshiba, akamwambia, "Baba watoto, mwezi ujao tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Twende mjini tupigwe picha."

"Miaka kumi ndiyo nini? Kwani harusi haikwisha siku ile ile?"

"Harusi yetu haikuwa na picha hata moja. Wazungu huikumbuka siku yao kila mwaka. Wanakula keki, wanapiga picha."

Habari za Wazungu mama alizipata kwa jirani yetu, mama mmoja wa Pwani aliyetuuzia mahamri, ambaye mumewe alikuwa mpishi wa Wazungu huko Muthaiga. Baba aliguna, akasema mambo ya Wazungu yatatumaliza. Halafu akauliza, "Sasa nitavaa suti gani?" Alikuwa nayo moja tu. Mama akageukia ukuta asionekane anacheka.

Sasa nieleze jambo ambalo baba hakuambiwa. Sisi ni watu wa magharibi mwa nchi, na kwetu siku zile mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Katika miaka yote hiyo, kila baba alipokwenda ukweni, aliketi ameinamisha kichwa, na nyanya, mamake mama, alipita nyuma ya nyumba. Kitu pekee alichokijua nyanya juu ya mkwewe kilikuwa viatu, na kwa kweli alivisifu sana.

Basi macho ya nyanya yakaanza kuingia ukungu. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga kazi, na la kulia nalo lilikuwa likielekea huko. Akamtuma mtu aliyekuwa akija Nairobi kwa treni amfikishie mama ujumbe: "Kabla giza halijanikuta, nataka kumwona mtu aliyemchukua mwanangu. Viatu vyake nimeviona vya kutosha." Mama alilia siku ile, mbele yangu, huku akichambua maharagwe. Kisha akapangusa uso na kuanza kufikiri. Mila ilikataza kumtazama mkwe. Hakuna aliyewahi kusema lolote kuhusu sura iliyo kwenye karatasi. Ila alijua kwamba akimweleza baba, baba hatakanyaga studio, kwa hiyo akatafuta kisingizio cha sherehe. Mimi nikaonywa kwamba nikifungua mdomo nitajuta kuzaliwa.

Jumamosi baba alitoka kazini mchana, tukashika njia kwenda mjini kwa miguu. Baba alitangulia na suti yake. Mama alifuata akiwa amevaa ndala, na viatu vya visigino alivyoazimwa na mama wa mahamri nilivibeba mimi kikapuni, maana vilimbana hata akiwa ameketi. Karibu na reli askari alitusimamisha akataka kipande, kile kitambulisho cha mkoloni. Siku zile za Hali ya Hatari watu walitetemeka wakisimamishwa, na kwa haki kabisa. Baba alimsubiri amalize kukisoma, akamuuliza kama tai imekaa sawa. Askari akasema imekaa sawa. Mama alisoma dua kimoyomoyo mpaka tulipofika River Road.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa Mhindi wa makamo, mwembamba, mwenye kamera kubwa ya mbao iliyosimama kwa miguu mitatu na kufunikwa kitambaa cheusi. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ziwa na bata. Alimketisha baba kwenye kiti chenye mikono, akamsimamisha mama kando yake, mkono begani, kama walivyopigwa watu wote wa wakati ule. Mimi nikapewa benchi pembeni. Mama alikuwa amejipaka poda nyingi, naye baba alikuwa amevuta kofia mpaka nyusi. Nakuambia, walipendeza.

Mhindi akaingia chini ya kitambaa. Hapo mama akasahau. Kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Hebu vua hiyo kofia, mama ataona nini sasa?"

"Mama yupi?" baba akauliza.

Mimi nikatazama bata.

"Mama yupi?"

"Mama yangu," mama akasema. "Picha ni ya kwake."

Kuanzia hapo baba hakuweza tena kuitazama kamera. Kofia aliivua, maana mbele ya mama mkwe hukai na kofia, lakini kila Mhindi alipohesabu moja, mbili, shingo ya baba iligeuka yenyewe. Mara alitazama pazia, mara sakafu, mara mimi. Taa iliwaka, picha ikaharibika. Ikawaka tena, ikaharibika tena.

"Bwana, tazama hapa!" Mhindi akapiga kelele.

"Siwezi. Mama mkwe wangu yumo humo."

Mhindi akatoka chini ya kitambaa, nywele zimesimama. Akaizunguka kamera yake, akainua kitambaa, akachungulia. "Hapa hapana mama," akasema. "Hapa iko kioo tu."

"Leo ni kioo," baba akamjibu kwa heshima zote. "Mwezi ujao atakuwa yeye."

Nilijiuma shavu nisicheke. Kisha nikamwona mama, na kicheko kikaniishia. Machozi yalikuwa yakimtiririka na kuikata poda. Akasema yote palepale, mbele ya mgeni: jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki kidogo, mama yake hajaomba kitu kingine maishani. "Hataki hela wala blanketi," akasema. "Anataka kukuona wewe. Akifumba hilo jicho kabla hajakuona, mimi nitamwambia nini?"

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Baba alikaza shingo, akashika mikono ya kiti kwa nguvu kama mtu anayeng'olewa jino, akaitazama kamera. Alijitahidi, nashuhudia mpaka leo. Lakini Mhindi alipofika mbili, macho yalianguka chini. Alikuwa amefundishwa hivyo tangu utotoni na hakuwa na namna nyingine. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu mzima yeyote.

Mhindi aliketi kwenye benchi kando yangu akapangusa jasho. Baadaye akasema kwa uchovu, "Basi, bwana, usitazame kamera. Tazama mama ya watoto. Huyo iko ruhusa?"

Baba akafikiri. "Huyo ni ruhusa," akasema.

Akainua uso kumtazama mama, aliyekuwa bado anapangusa machozi kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Akamtazama kwa kitambo. "Mama watoto," akamwambia polepole, "poda yako imechimbwa mitaro." Mama akacheka bila kutaka, meno yote nje, na taa ikawaka.

Picha ilipotoka, mama alisema imeharibika. Nani alikuwa amewahi kuona mwanamume aliyeketi kwenye kiti anamkodolea mkewe macho huku mdomo uko wazi? Mama wa mahamri aliitazama akasema, "Shoga, hii ukiitundika watu watasema umemroga." Lakini hatukuwa na nyingine, na Mhindi alikwisha kutuomba tusirudi.

Shule zilipofungwa tulisafiri kwenda magharibi, baba akabaki kazini. Nyanya alitoka na ile picha nje kwenye jua la asubuhi, akaisogeza karibu na jicho la kulia mpaka ikagusa pua. Alikaa nayo muda mrefu sana. Mama alishindwa kungoja, akaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

"Hanitazami," nyanya akasema mwishowe.

"Ndiyo, nyanya. Ni adabu."

"Anamtazama mama yako."

"Ndiyo."

"Huwa anamtazama hivi?"

Nilikuwa mtoto lakini nilijua hili si swali la mchezo. Nikafikiri jinsi walivyogombana juu ya chumvi, juu ya pasi, juu ya kila kitu. "Huwa," nikasema, "akidhani hakuna anayemwona."

Nyanya akaishusha picha mapajani. "Ana masikio makubwa," akasema, akacheka mpaka akapangusa macho yote mawili, lile zima na lile bovu.

Tuliitundika ukutani kwake kwa msumari. Jioni ugali ulipoletwa, aliinuka, akaigeuza ikatazama ukuta. "Siwezi kula mbele ya mkwe," akasema. Alipomaliza kunawa mikono aliigeuza tena, na ikawa hivyo kila siku.

Nilimtembelea mara ya mwisho nikiwa msichana mkubwa, na jicho la kulia nalo lilikuwa limekwisha kabisa. Nikamtengea chakula. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka akaipata, akaigeuza, akaja akala. Baada ya kunawa alirudi kuigeuza, akainyoosha kwa vidole pande zote mbili, akavuta kiti chake na kuketi ameielekezea uso.