B ya Kusherehekea

Kwetu Mwanza, B ni herufi ya kutembea nayo kifua mbele. Mtoto akiipata kwenye hisabati, baba mtu ataitaja hadi msibani. Kwa hiyo mwisho wa Juni ule, huku ugenini, mwalimu wa darasa la binti yangu aliponiambia mtoto amepata B, niliinuka kitini nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. "Merci, monsieur, merci beaucoup!" Mwalimu alinikodolea macho. Nikadhani Wazungu hawajazoea kushukuriwa. Binti yangu, aliyekaa kando yangu, alikuwa akifunga na kufungua zipu ya mkoba wake.

Mwalimu aliongeza maneno mengi ambayo Kifaransa changu cha dukani hakikuyafikia, ila moja nililidaka: professionnel. Mungu anipe nini tena! Kwetu "professional" ni daktari, ni wakili, ni mhasibu mwenye ofisi yake. Na mtoto huyu tangu akiwa mdogo hajawahi kutaka kitu kingine ila udaktari.

Jumamosi nikaenda Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, nikanunua ndizi za kupika, samaki, na vitenge vya sare, changu na chake. Nikamwalika jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Lubumbashi aliyesomesha watoto wake wote hapa mtaani kwetu, Saint-Gilles. Alikula vizuri, kisha akauliza tunasherehekea nini.

"Amepata B," nikasema. "Anaenda professional!"

Jirani akaweka kijiko chini.

"Mais maman, B ile haiko ya kusherehekea," akasema polepole. "B ni kusema mutoto amepita, mais bamemufungia mulango ya général, ile ya kwenda université. Donc mwaka yenye inakuya hatasoma tena na benzake. Professionnel ni kujifunza kazi ya mikono: kushona, kupika, kutengeneza nywele. Bon, kazi ni kazi, mi sikatae. Mais docteur? Njia ile itakuwa murefu sana."

Akaendelea kunieleza, na kila alichosema kilinishtua kuliko kilichotangulia. Kwamba hapa si mtihani wa taifa, uliosahihishwa na mtu asiyemjua mwanao, unaoamua. Walimu wake wenyewe hujifungia chumbani, wakamjadili, wakatoka na herufi: A, endelea; B, endelea lakini si huku; C, rudia mwaka. Kwamba shule ya ng'ambo ya barabara yetu, kwa kuwa inafundisha kwa Kiholanzi, ina waziri wake na likizo zake, kana kwamba ni nchi nyingine. Kwamba ukishamaliza sekondari, chuo kikuu kinakupokea kwenye karibu kozi zote bila kugombania nafasi, ingawa udaktari una mtihani wake. Hapo ndipo nilipokasirika. Mlango wa mwisho umeachwa wazi, halafu watoto wanachujwa kimyakimya wakiwa na miaka kumi na tano!

Nikamgeukia binti yangu. "Wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Sasa mbona hukusema?"

Alikuwa anachezea pindo la kitenge kipya. "Ulifurahi sana. Tena mbele ya mwalimu."

Sikuwa na hamu tena hata ya samaki.

Jumatatu nikaenda na binti yangu shuleni kukata rufaa. Mkuu wa shule alikuwa mpole, na upole ule ndio ulionimaliza. Muda wa rufaa umekwisha, akasema. Kisha, kwa mshangao wa kweli kabisa, akaniambia: "Mais madame, vous nous avez remerciés." Yaani, mbona wewe mwenyewe ulitushukuru? Nikamwuliza sasa kimebaki nini.

Ilibaki njia moja tu: mtoto arudie mwaka uleule, kwenye général ileile, ili ile B isimfuate. Kwetu kukariri darasa ni fedheha, na ndani ya tramu ya kurudi nilikuwa bado napanga maneno ya kumbembeleza.

"Nitarudia," akasema kabla sijafungua mdomo.

Mwisho wa Agosti akaketi na watoto waliomwita dada. Wenzake wa zamani walikuwa darasa la mbele yake, chumba cha pili, na kila mapumziko aliwaona. Siku za kwanza alirudi nyumbani akaingia chumbani bila kula. Baadaye akawa anakula huku kitabu cha kemia kimeegemea chupa ya maji, nami nikaacha kumgombeza.

Juni iliyopita tuliketi tena mbele ya mwalimu yuleyule. "A," akasema, akitabasamu, akaninyooshea mkono.

Sikuupokea. Kuuliza si ujinga.

"A ya nini?" nikamwuliza. "Nieleze yote, taratibu, ndipo nitakushukuru."