Mbwa Juu ya Silanga la Bura

Hadi mwaka wa 1966 Shamis Rage hakuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya msimu mmoja. Alikuwa mfugaji, mke wa mfugaji. Mwaka huo, vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali, vilipopamba moto, askari waliwakusanya watu wa Bura ndani ya kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba na seng'enge. Mumewe, Nunow, alichukuliwa kwenda kuhojiwa, asirudi. Ngamia walibaki nyikani bila mchungaji. Shamis aliingia langoni na binti yao Hinda mgongoni, sufuria, na mkeka wa kuswalia.

Kijiji kizima kilikunywa maji ya silanga, bwawa dogo lililochimbwa nje kidogo ya lango kukinga mvua. Askari waliletewa yao kwa lori kutoka Garissa. Walikuwa pia na mbwa wawili wa kunusa nyayo za shifta. Kila alfajiri mtunzaji wa mbwa hao, konstebo aliyeitwa Kimeu, aliwapeleka kwenye mteremko ulio juu ya silanga, kwa sababu pale hapakuwa na miiba ya kuwachoma miguu. Wakishajisaidia aliwarudisha kambini. Mavi yalibaki.

Wanawake walilalamika wao kwa wao. Nguo ikigusa uchafu wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo mtu aswali nayo. Nani alikuwa na maji ya kuosha mara saba? Lakini Shamis alihofia zaidi mvua. Aliutazama ule mteremko, akajua maji yatakapopita.

Asubuhi moja alimsubiri Kimeu njiani.

"Afande, mbwa yako anaharibu maji yetu. Chukua uchafu, fukia mbali."

"Mama, nenda zako. Hawa ni mbwa wa serikali."

"Na mafi yao bia ni ya serikali?" Shamis akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

Kimeu alizivuta kamba za mbwa. "Rudi ndani kabla sijakufungulia kesi," akasema.

Basi Shamis akaanza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Alikwangua mavi kwa kipande cha bati, akachimba shimo upande wa pili wa mteremko, akafukia. Jirani yake Khadijo alimwona.

"Unajinajisi kwa ajili ya mbwa wao?"

"Kwa ajili ya maji," Shamis akajibu.

Haikudumu. Askari wa zamu alimwona akichimba, akadhani anaficha risasi. Walifukua mashimo yake yote, wakakuta walichokikuta, na kwa hasira wakampiga kwa vitako vya bunduki. Tangu hapo ilikatazwa mtu yeyote wa kijiji kupanda mteremko ule. Kimeu alikuwepo Shamis alipopigwa. Kesho yake mbwa walipelekwa palepale.

Mvua ilinyesha kwa kishindo, ikateremka na kila kitu hadi silangani. Watu walichota, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuchota. Kuni zilikuwa mbali nyikani, ambako watu hawakuruhusiwa kwenda, hivyo wachache waliweza kuchemsha. Watoto wakaanza kuharisha. Hinda aliharisha hadi macho yakazama, akaomba maji, na mama yake akampa maji yaleyale. Alikufa adhuhuri, kichwa kikiwa pajani kwa Shamis.

Kimeu alikuja baada ya maziko. Alisimama mbali kidogo, amevua kofia, bila mbwa.

"Mama," akasema, "uliniambia."

Shamis aliendelea kukunja mkeka wake wa kuswalia.

"Nifukie wapi?"

Shamis alinyoosha mkono kuelekea kule kulikokuwa na mashimo yake. "Kule. Chimba mbaka kiuno. Mvua isifike."

Kuanzia siku hiyo Kimeu alibeba sepetu kila alfajiri. Wenzake walimcheka, wakamwita mchimba vyoo vya mbwa, naye akaendelea. Shamis hakuwahi kumsalimia. Kisha Kimeu akahamishiwa Mandera, na mtunzaji aliyekuja baada yake hakuwa na sepetu wala hakutaka kusikia habari za kufukia. Mavi yakarudi mteremkoni. Watoto wengine wawili walizikwa kando ya Hinda.

Ua ulipofunguliwa mwaka wa 1967, Shamis alikwenda Garissa kwa miguu pamoja na Khadijo, akaanza kuuza maziwa ya watu wengine huko Galbet, mtaa mmoja wa mji huo. Mifugo yake mwenyewe hakuiona tena.