Matairi ya Shemeji

Kuna watu waoga, halafu kuna Mama Taratibu. Nasema hivi bila kumvunjia heshima, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Aliogopa lifti, aliogopa mbwa hata aliyefungwa, aliogopa simu inayolia kabla jua halijatoka. Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa shule, na kila jioni ya miaka hiyo alirudi mara mbili kuhakikisha kabati la mitihani limefungwa. Mtu kama huyo, jamani, ndiye aliyeachiwa gari kubwa kuliko yote mtaani.

Lilikuwa gari la mumewe, mpima ardhi, aliyelinunua kwa ajili ya njia mbovu za kazini. Kisha kazi ikampeleka mbali, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa miezi mitatu. Aliacha funguo juu ya friji akamwambia mkewe, "Liendeshe, lisipoendeshwa litaoza." Lina viti vinane, na boneti yake inamfika mtu mzima kifuani. Mama Taratibu alijifunza kuliendesha kwa dua na jasho. Alipostaafu, majirani wakamwomba awapelekee watoto shule ng'ambo ya kilima, akawa anabeba saba kila asubuhi; jioni wazazi waliwafuata wenyewe. Nyuma ya kiti cha mwisho alipakia kila kitu ambacho mwoga anaweza kununua: vizima moto viwili, masanduku mawili ya huduma ya kwanza, pampu ya upepo, na vijifunguo vya kila aina vya matairi. Watoto walimpenda. Jina la Mama Taratibu alipewa na wazazi wao, na hawakuwa wanamsifu.

Sasa ile barabara ya shule inapanda kilima, halafu inateremka kilomita nne, kona baada ya kona. Upande mmoja kuna machimbo ya zamani ya mawe, shimo refu lisilo na ukingo wowote. Kila asubuhi Mama Taratibu alipita hapo huku mgongo wake haugusi kiti.

Matairi ya gari yalipoota kipara, alifanya jambo la mtu makini. Alifungua mlango wa dereva, akasoma kile kibandiko kinachosema gari linataka tairi la ukubwa gani, akanakili namba zote kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa karani. Akaenda dukani kwa shemeji yake.

Huyu shemeji ni kaka mkubwa wa mumewe, na mtaa mzima unamwita Bwana Mpira, kwa kuwa ndiye muuza matairi. Baba yao alipofariki, yeye aliacha shule akafanya vibarua ili mdogo wake asome. Hilo hakuna wa kumnyima. Lakini tangu hapo, katika ukoo ule, akisema jua ni la bluu watu wanatafuta miwani.

"Kikaratasi cha nini, shemeji?" alisema, akacheka, akakikunja bila kukisoma. "Mimi nimeyajua matairi kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Nilikuwa nataka ya kawaida tu, ya lami. Ni watoto wa shule."

"Gari kama lile ulivalishe kandambili? Utaniaibisha." Akamwonyesha manne yenye meno mapana, meusi ti, yanang'aa. "Ona vinyweleo hivi. Tairi lenye vinyweleo ni mtoto mchanga. Nimeyapata kwenye ghala moja lililokuwa linafungwa. Hata mama watoto nimemfungia ya aina hii hii kwenye gari letu jingine."

Mama Taratibu aliona namba nne zimebonyezwa ubavuni mwa tairi, ndani ya kijiduara kirefu. Akauliza ni za nini. Akaambiwa ni mambo ya kiwandani, hayamhusu. Mama Taratibu akasema asante. Alisema asante hata kabla hayajafungwa.

Wiki mbili mambo yakawa shwari. Wiki ya tatu usukani ukaanza kumtetemeka mikononi. Kwanza kidogo, akadhani ni lami mbaya. Akapunguza mwendo. Ukaendelea. Akapunguza tena. Akarudi dukani, wakamwekea vijichuma vya kusawazisha, na kesho yake ukatetemeka vile vile. Kila alipofika kwenye ule mteremko, midomo ikawa inasema peke yake, tufike tu, tufike tu.

Na wazazi nao? We acha! Kundi lao la simu likageuka ofisi ya malalamiko. Daktari wa meno, ambaye ana watoto wawili humo garini, aliandika kwamba mwanawe amekosa hesabu siku tatu mfululizo. Fundi cherehani akasema angewapeleka kwa miguu wangefika mapema zaidi. Mwingine akauliza, "Mama Taratibu, leo mnapitia njia gani, ya kwenda mbinguni?" Wote wakacheka kwa vile vikatuni vya kucheka. Yeye alisoma neno mbinguni, akaweka simu kifudifudi mezani, akaenda kuketi chumba kingine.

Kibaya zaidi ni kwamba hakujiamini. Mtu aliyeogopa kila kitu maisha yake yote, akiogopa kitu cha kweli atajuaje? Alijiambia ni yale yale yangu.

Alhamisi moja, akiwa ameshawashusha watoto na kurudi mtaani, alisimama kituo cha mafuta kuongeza upepo. Mama anayejaza upepo pale ni mwanamke mnene wa maneno machache. Aliinama, akazungusha mkono upande wa ndani wa tairi la nyuma. "Weka mkono wako hapa," akasema. Mama Taratibu akapeleka vidole gizani nyuma ya gurudumu, vikakuta uvimbe, kama nusu ya ndimu chini ya ngozi.

"Umeyanunua yakiwa yametumika?"

"Mapya. Yana wiki tano."

Mwanamke akafuta vumbi ubavuni kwa kitambaa, akaonyesha zile namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, akasema, mbili za mwisho ni mwaka. Ndiyo siku ya kuzaliwa ya tairi. Mama Taratibu alizisoma mara tatu. Mwaka ule wanawe pacha walikuwa wanaanza darasa la kwanza. Sasa wako chuo kikuu, mmoja ana ndevu.

"Mpira hauchakai kwa kutembea tu," mwanamke akasema. "Huo ulikaa ghalani mpaka ukakauka. Juu wamepaka rangi. Usibebe mtu na hili."

Mama Taratibu akaenda dukani moja kwa moja, kwa njia ya tambarare, mwendo wa kutembea. Duka la Bwana Mpira lina sanduku la malalamiko ukutani. Limepakwa rangi nzuri na lina kufuli, ila ufunguo ulipotea siku lilipotundikwa. Yeye mwenyewe alikuwa kaunta, na wateja sita hivi wamekaa kwenye matairi wakisubiri.

"Shemeji," alianza, sauti imeshakwisha. "Lile la nyuma lina uvimbe. Na namba zake... nimeambiwa ni la zamani."

"Umeambiwa na nani?"

"Na yule mama wa upepo."

Hapo duka likapasuka kwa kicheko. Bwana Mpira akaweka mkono juu ya bega lake, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomchoma. "Shemeji yangu, kila tairi lina kiungo ubavuni, hata wewe una nyonga. Gari haina shida. Shida ni dereva anayelala na hofu na kuamka na hofu. Nenda nyumbani, kunywa maji." Na Mama Taratibu, Mungu amsamehe, akacheka pamoja nao.

Lakini alipofika nyumbani akaandika kwenye kundi sentensi moja, akaituma kabla mkono haujagoma: "Kesho sitabeba watoto, tairi ni bovu." Palichafuka! Daktari wa meno alikuwa na wagonjwa tangu saa moja. Fundi cherehani akauliza nani anatoa taarifa za dakika ya mwisho namna hii. Mtu akampigia Bwana Mpira, na baada ya muda sauti yake nzito ikasikika kwenye kundi: "Wazazi, samahanini sana. Shemeji yangu amechoka tu. Matairi nimeuza mimi na nayajua. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitaendesha mimi mwenyewe, na mwanangu atakuwemo kama kawaida. Watafika mapema mshangae."

Asubuhi wakakusanyika mbele ya geti, wazazi wanne na watoto sita na mabegi yao. Bwana Mpira alikuja kwa miguu na binti yake wa mwisho, watoto wakatimia saba; yeye suruali nyeupe, viatu vinang'aa. Kwa kawaida mkewe ndiye humleta mtoto, ila alfajiri hiyo alikuwa ameondoka kumpeleka mama yake kwa daktari, mji wa pili. "Funguo, shemeji," akasema, akanyoosha kiganja.

Akampa. Ndiyo, akampa! Miaka yote ya kusema ndiyo ilikuwa mkononi mwake, na mkono ukanyooka wenyewe. Watoto wakapanda wakifurahi kwamba leo watakwenda mbio. Mikanda ikalia tak, tak, tak. Bwana Mpira akasogeza kiti nyuma, akarekebisha kioo, akajirekodi akiliambia kundi kwamba sasa wanaondoka. Mama Taratibu alibaki amesimama nyuma ya gari, na macho yake hayakuona geti wala watu, yaliona ile kona ya tatu ya mteremko.

Hajui alifunguaje mlango wa nyuma. Anakumbuka kijifunguo kidogo kwenye vidole, na magoti yake juu ya changarawe. Alizungusha ile sindano inayozuia upepo kwenye tairi la nyuma, ikamrukia kiganjani, na upepo ukatoka kwa mlio uliowafanya watu wote wageuke. Akatambaa hadi la mbele, upande ule ule, akafanya vivyo hivyo.

"Baba," binti yake Bwana Mpira alisema kutoka ndani, "gari inakaa chini."

Bwana Mpira alishuka akinguruma. "Umefanya nini? Umerogwa? Mbele ya watu?" Fundi cherehani akapiga makofi ya kushangaa. Daktari wa meno akasema, sasa huyu anahitaji kupelekwa mahali. Mama Taratibu akasimama, magoti yana damu, sindano mbili ndogo zimembonyea kiganjani. Alikuwa anatetemeka mwili mzima mpaka hereni zinacheza.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini? Sema leo mbele ya wote, unaogopa nini?"

"Nakuogopa wewe, shemeji. Nimekuogopa tangu nilipoolewa." Akaonyesha tairi. "Ila hili naliogopa zaidi. Washushe watoto."

Pengine Bwana Mpira angemsukuma kando akajaza upepo upya. Lakini gari lile ni zito, na tairi la nyuma likiwa tupu lilikandamizwa mpaka chuma kikakaribia ardhi. Ubavu wake ukajikunja nje. Ile rangi nyeusi inayong'aa ikapasuka kwenye kunjo, na nyufa zikafunguka, moja, mbili, nyingi, kuzunguka tairi lote. Daktari wa meno, ambaye kazi yake ni kutazama mashimo, ndiye aliyeinama wa kwanza. Aliwashika wanawe wawili mikono akawatoa garini.

Bwana Mpira akapiga goti, suruali nyeupe na yote. Akaweka ukucha kwenye ufa, ukaingia. Akaweka kidole, kikazama mpaka pingili ya kwanza, na ndani kulikuwa na nyuzi kavu zilizokatika. Akafuta ile namba ubavuni kwa kidole gumba na kuisoma, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ayanunue. Watu walingoja afoke. Hakufoka. Rangi ilimtoka usoni taratibu, tangu paji la uso mpaka midomo.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa moja kasoro kumi."

"Ameondoka saa kumi na moja." Hakuna aliyemwelewa mara moja. "Mama watoto. Yuko barabara kuu na mama yake. Ni haya haya. Nilimfungia kwa mkono wangu." Akatoa simu mfukoni, ikamponyoka. Akaiokota, akabonyeza mahali sipo, ikamponyoka tena. Alimtazama mke wa mdogo wake kwa macho ambayo hajawahi kumtazama nayo. "Shemeji, nipigie wewe. Vidole vyangu havishiki."

Mama Taratibu akatoa simu yake mwenyewe. Mikono yake nayo ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa imezoea kufanya kazi hivyo. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita. Ikaita tena na tena, mpaka mama mmoja akafunika uso kwa kanga, na Bwana Mpira akawa anasema jina la Mungu tu. Mwishowe pakasikika mlio wa magari yanayopita kwa kasi, halafu sauti ya mwanamke.

"Haloo?"

"Dada, ni mimi. Simamisha gari. Weka pembeni, usiniulize."

"Nimeshasimama," sauti ikasema. "Tangu saa kumi na mbili tumekaa hapa kando ya barabara na mama. Gari inatikisika vibaya. Kila nikishika simu nimpigie naiweka chini." Magari yakapita. "Hivi yuko karibu nawe? Usimwambie kwanza. Nilikuwa naogopa kumwambia."

Sauti ilikuwa kubwa, na kila aliyekuwa pale getini aliisikia, na mumewe pia.