Sufuria za Kumuaga Senta

Kabla ya kila mechi ya kikapu, senta huyo, mchezaji wa chini ya goli na kocha wa timu ya wanawake, huketi kwenye saruji ya uwanja, mguu kaunyoosha, akalizungushia goti bendeji taratibu kama anayemfunga mtoto mbeleko. Vidole vyake vimepinda kwa kudaka mipira miaka mingi, na sauti imekwaruza kwa kupiga kelele chini ya goli: "Zibeni kati! Msimwachie!" Mabinti wa timu, warefu aliowatoa vijijini, Mlali na Dakawa, humwamkia shikamoo kwanza, ndipo humsukuma kwa viwiko mazoezini. Naye hucheka, akawasukuma zaidi.

Jumamosi viongozi wa timu walipomuaga, ukocha wa mabinti hao alipewa mchezaji wa timu ya wanaume aliyestaafu juzijuzi, ambaye hata majina yao hayajui. Senta mwenyewe akakabidhiwa seti ya sufuria. "Dada yetu umetumika vya kutosha," mgeni rasmi alisema kwenye kipaza sauti. "Sasa nenda ukampikie mzee." Watu wakapiga makofi. Senta akaziweka sufuria mezani, mbele ya mgeni rasmi, akakiinamia kipaza sauti.

"Mzee wangu anajua kupika. Hawa mabinti nimewafundisha mimi, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka."

Kisha akashuka uwanjani, akasimama chini ya goli. "Haya, njooni!" Raya, nahodha, akatoka wa kwanza kwenye mstari wa mabinti. Wengine wakamfuata wote. Mazoezi yakaanza, sufuria zingali mezani mbele ya mgeni rasmi.