Elfu Tisa Hadi Tarehe Tano

Kafedha si mwanamke wa kuambiwa neno mara mbili, lakini hili aliambiwa mara tatu, tena mbele ya wanawe, na ndilo lililomchoma. Wifi yake Rosalia alivuka maji kutoka Mtongwe Jumapili moja baada ya misa, akafika Magongo, akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba na kumwambia kaka yake: "Tinga, wewe wamalizwa. Mshahara waingia tarehe tano, ikifika ishirini mwanywa uji. Pesa za jikoni nipe mimi, kama zamani. Nitakuwa nikiwanunulia vitu nawaletea."

Kama zamani! Kabla ya Tinga kuoa, dada ndiye aliyemshikia pesa, sawa. Lakini sasa ni miaka kumi na mitatu ya ndoa, watoto watatu, na bado mtu ataka kuwahesabia wenzake vitunguu kutoka ng'ambo ya maji! Tinga mwenyewe ni mpakiaji wa magunia kwenye ghala moja Changamwe, mtu mpole, mgongo mpana, mdomo mzito, na mbele ya dada yake mkubwa huwa hana kauli kabisa. Alijikuna shingo, akatazama sakafu, kisha akatoa hukumu yake.

"Mama Ziro, tujaribu mwezi mmoja. Elfu tisa hizi hapa. Ukifika tarehe tano bila kuniomba hata shilingi, jikoni ni kwako na maneno yameisha. Ukiniomba, basi pesa atashika dada."

"Haya," Kafedha akasema. Neno moja tu. Lakini moyoni alikuwa akichemka, kwa sababu mwanamke huyu, kabla hajaolewa, alikuwa mpishi wa shule ya bweni kule Kaloleni. Miaka minne amepikia watoto mia tatu, na hakuna hata siku moja sufuria iliyoisha kabla ya foleni. Leo aambiwe hajui kulisha watu watano! Alikaribia kumjibu wifi yake jibu ambalo lisingefaa Jumapili, akalimeza.

Hata hivyo tusimpake mafuta. Pesa zilikuwa zikiisha kweli, na yeye alijua zinakwenda wapi. Zilikuwa zikienda dukani kwa Kimani, pale mbele ya ploti yao ya vyumba vya kupanga, kwa kadogo. Mafuta ya ishirini asubuhi, mafuta ya ishirini jioni. Sukari ya kumi. Unga wa kupima. Majani ya chai ya shilingi tano. Kila anayetumwa dukani harudi bila kitu cha kutafuna, na kila kadogo kina faida ya Kimani ndani yake. Kafedha alikuwa amelijua hilo miaka mingi na hakufanya kitu, kwa uvivu tu, na hilo pia lilimuuma.

Basi Jumatatu yake akaenda kwa muuzaji wa jumla barabarani, akanunua kama alivyokuwa akinunulia shule. Bela moja ya unga, yaani pakiti kumi na mbili zilizofungwa pamoja, mchele kilo kumi, sukari kilo tano, maharagwe, mtungi wa mafuta wa lita tano. Zikabaki elfu mbili na mia nane za mboga, nyanya na dagaa, ambazo ni kama tisini na kitu kwa siku. Hesabu ilikaa sawa. Lakini hapo hapo akafanya kosa ambalo mtu aliyezaliwa kwenye ploti hapaswi kulifanya: alipakia mzigo wote kwenye bodaboda saa nne mchana, akaingia nao langoni huku watu wote wako uani wanafua nguo.

Wee! Hata jua halijazama, vikombe vikaanza kuja. "Mama Ziro, hebu niazime sukari kidogo." "Shoga, mafuta ya kukaangia kitunguu tu." "Mama, asema mamangu umpe unga, atarudisha." Na wewe utamnyima vipi mtu ambaye ameiona bela yako kwa macho yake? Ungekuwa umenunua sukari ya kumi kwa Kimani, ungesema imekwisha na mtu akakuamini. Bela haifichiki. Kafedha alitoa, akatoa, na siku ya tano alipoinua mfuko wa sukari mkono ukapanda upesi mno. Kilo moja na nusu zilikuwa zimekwenda kunywewa kwa watu. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajitukana.

Usidhani alilia. Alitoa shuka kuukuu kabatini, akaenda mlango wa pili kwa Mwanasaumu, ambaye ana cherehani na mdomo mrefu lakini roho nzuri.

"Nishonee vifuko. Idadi ya siku zilizobaki."

"Vya nini, Mama Ziro? Wataka kuuza bisi?"

"Nataka kuugawa mwezi."

Mwanasaumu alicheka hadi akasimamisha cherehani, lakini alishona. Kafedha akaandika tarehe kwenye kila kifuko kwa kalamu ya wino. Ndani akatia unga wa siku hiyo, au mchele, na sukari yake imefungwa kwenye karatasi. Mtungi wa mafuta akauchora mistari. Vifuko akavitundika kwenye misumari ukutani kwa mpangilio, kama alivyokuwa akipanga stoo ya shule, na akawaambia watu wote wa nyumba hiyo, Tinga akiwemo, kwamba cha leo ni cha leo na mkono utakaogusa cha kesho ataukata.

Vikombe viliendelea kuja. Hakuvifukuza. Alikuwa akitoa kutoka kifuko cha siku hiyo, na nyumba yake jioni ikanywa chai kavu. Tinga akikunja uso, anamwambia, "Sukari yako iko kwa mama wa chumba cha nane. Kaidai." Baada ya wiki moja vikombe vikapungua, maana hata mwenye kuazima huona haya akisikia watoto wa watu wanakunywa chai bila sukari. "Wallahi mwanamke huyu ana roho ngumu," Mwanasaumu akawatangazia wanawake uani, na alisema kwa kusifu.

Ikafika tarehe ishirini na sita. Ilikuwa Alhamisi, saa sita na nusu, watoto wako shule. Hodi ikapigwa, mlango ukafunguka, na Rosalia akaingia. Nyuma yake wanawake saba wa jumuiya yao ya kanisa, wametoka kumwangalia mgonjwa hospitali ya Port Reitz. Watu wanane, mikono mitupu, hata mkate hawakubeba.

"Wifi yangu, twafa na njaa," Rosalia akasema, akatabasamu.

Kafedha alilielewa tabasamu hilo mara moja. Kwao mgeni akiingia saa ya chakula huulizwi kama utampa, unampa. Ukimnyima, habari itafika Mtongwe kabla yake na itakaa huko miaka. Ukiwalisha watu wanane unafungua vifuko vitatu au vinne, na kufikia tarehe moja unaenda kumwomba Tinga. Mtego mzuri kabisa. Kafedha alikasirika, lakini si hasira peke yake. Aliogopa. Aliwaona wanawe wakiletewa unga kwa mkono wa Rosalia hadi wakue.

Kisha uoga ukageuka. Alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akaenda hadi pale alipoketi wifi yake, akamwekea magotini. Juu ya leso akaweka kifuko chenye tarehe ya leo na shilingi tisini.

"Wifi, si wataka jikoni? Leo nimekupa. Huo ni unga wa leo, hizo ni pesa za mboga za leo. Wageni ni wako, pesa ni za kaka yako. Tupikie."

Rosalia akacheka. "Acha mzaha, wewe."

"Sina mzaha. Unasema mimi sijui. Nifundishe, na hawa wote wawe mashahidi."

Mmoja wa wageni, mama mtu mzima aitwaye Jerioth, akakohoa. "Rosalia, si njiani umetuambia mke wa kaka yako hajui kutumia pesa? Basi muonyeshe, tujifunze na sisi."

Pa kutokea palikuwa hapana. Rosalia akainuka, akaingia jikoni. Akaufungua ule unga: kilo moja, wa watu wanane na mwenyeji. Akautazama. Akatazama ukutani, mkono ukaenda kwenye kifuko cha tarehe ishirini na saba.

Kafedha alikuwa amesimama mlangoni. "Hicho ni cha kesho. Niambie kesho wanangu watakula nini, kisha kifungue."

Mkono ukarudi. Rosalia, jasho likimtoka na jiko hata halijawashwa, akachukua pochi yake mwenyewe na kutoka. Walimsikia dukani akibishana na Kimani juu ya bei ya dagaa, na Kimani akimjibu, "Mama, mimi pia nanunua." Alirudi na unga, mafuta, nyanya, dagaa na sukari. Akapika. Watu wakala, na Kafedha akala pamoja nao, akashiba, tena hakuona haya hata kidogo.

"Vimekugharimu pesa ngapi?" Jerioth akauliza, akinawa mikono.

"Mia nane na arobaini," Rosalia akajibu kwa sauti ya chini.

"Mlo mmoja!" Jerioth akasema. Wengine wakainamia sahani.

Lakini usishangilie bado. Jioni hiyo Tinga aliingia amevimba, simu ameishika. Dada alikuwa amempigia akilia kwamba amefanywa mtumishi mbele ya wanawake wenzake.

"Umemwaibisha dada yangu!"

"Nimekuomba pesa?"

"Mimi sizungumzi habari za pesa!"

"Mimi ndizo ninazozungumza. Sharti uliliweka wewe. Nimekuomba hata shilingi?"

Tinga akalala bila kusema usiku mwema. Siku tisa nyumba ile ilikaa kimya, kila mtu akila fungu lake. Kafedha hakuomba msamaha na hakuomba senti. Lililomnyima usingizi ni jambo moja tu: mume wake hakuwa amewahi, katika maisha yake yote, kumwambia dada yake hapana. Ataweza kutimiza neno lake? Na akishindwa, hizi siku thelathini zilikuwa za nini?

Tarehe tano Tinga akafika saa kumi na moja. Akaketi, akatoa noti tisa za elfu, akazinyoosha.

Kafedha hakunyoosha mkono. "Elfu kumi. Unga umepanda, na Ziro siku hizi ala fungu la mtu mzima. Na majaribio yameisha. Pesa zikikatika kabla ya mwezi, tutakaa mimi na wewe tuzungumze. Wawili. Siyo watatu."

Tinga akatia mkono mfukoni, akaongeza noti moja, akaziweka mezani. Simu ikalia wakati huo huo, na wote wawili walijua ni nani.

"Nimwambie nini?" akauliza, kwa sauti ya mtoto.

"Unajua la kumwambia. Mwambie hapa hapa, nisikie."

Simu ililia mara nne. Tinga akaipokea, akasimama, akageukia ukuta ili asione uso wa mtu. "Ndiyo, dada," akasema. "La. La, dada. Jikoni kuna mwenyewe."