Kushuka Bila Kishindo

Mjomba wangu alifundisha mpira wa kikapu akiwa amewapa wachezaji mgongo. Aliweka kiti chake cha mbao pembeni mwa uwanja wa saruji, akakaa akilielekea ziwa, akafumba macho. Nyuma yake vijana walipanda mmoja mmoja juu ya kreti la bia lililopinduliwa, wakaruka juu, wakatua chini. Hakujali walivyoruka. Alisikiliza walivyoshuka.

"Kuruka, hata mbuzi iko inaruka," aliwaambia. "Mi nataka kushuka."

Aliamini kwamba goti la mchezaji haliharibikii hewani. Linaharibika linaporudi chini, mara elfu, bila mtu kuangalia. Anayeshuka vizuri hukunja magoti, nyayo zake mbili hugusa saruji pamoja, na sauti inayotoka ni moja, fupi, kama mfuko wa unga ukiwekwa sakafuni. Anayeshuka vibaya hupiga kofi. Na kwa nini asigeuke tu akaangalia? Alisema jicho hudanganywa na mruko mzuri. Mtu akipaa vile unavyopenda, unamsamehe alivyotua.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, vita vilipotulia na barabara ya Kigali ilipoanza kupitika tena bila watu kusali njia nzima. Vijana wenyewe walikuwa wanne, wachezaji wa klabu za Kigali. Kulipwa kwao kulikuwa chumba, chakula na posho ndogo, lakini kwetu Gisenyi mtu anayelipwa ili acheze alikuwa mtu wa kutazamwa akipita. Ligi ilipokwisha walikuja kwetu kwa ajili ya mapumziko, ambayo hayakuwa mapumziko hata kidogo. Mjomba, aliyewahi kucheza Goma kabla familia haijarudi Rwanda, aliwatengeneza upya. Asubuhi walipanda mlima mbio. Baadaye walikimbia ndani ya ziwa, maji yakiwa magotini. Mchana walirusha mpira kwa mkono wa kushoto mpaka mkono ukatae. Jioni ilikuwa zamu ya kreti.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Butare, lisansi, yaani shahada, ya uchumi, na nilikuwa nyumbani nikingoja kazi. Barua zangu za maombi nilikuwa nimeshazituma na bado nilikuwa nazisahihisha kichwani. Siku moja mjomba aliniita nyuma ya jikoni.

"Iko kitu nitakuambia, na haitatoka hapa."

Nilifikiri mtu amekufa, kisha nikafikiri nimekataliwa kazi na yeye amejua kabla yangu.

"Unakumbuka ile malaria yangu? Ile kwinini yote balinipa? Tangu siku ile masikio iko inalia nzzz, kama redio haina stesheni. Batu nabasikia kama bananiangalia. Lakini miguu yao, pale nyuma, sisikie tena."

"Tonton, wachezaji wanajua?"

"Bajue nini? Bakijua, nani ataniogopa?"

Mpango wake ulikuwa rahisi. Ningeketi kando yake kwenye kigoda, kitenge changu kikifika chini, na kisigino changu kingegonga mguu wa kiti chake. Mara moja, ameshuka vizuri. Mara mbili, arudie. Yeye angehisi mtikisiko mgongoni, na angetoa hukumu kwa sauti yake ileile.

"Ni hivyo tu?" nikauliza.

"Ni hivyo tu. We ulisoma, utaweza."

Siku za kwanza niligonga mara mbili kwa kila mtu. Sikuwa mkali, nilikuwa na mashaka tu. Sauti laini lakini ndefu, je, ni moja au ni mbili zilizoungana? Na yule mnene, mwenyeji wa Rubona, ambaye hata kutembea kwake kulisikika, ni haki kumpima sawa na mwembamba? Nikiwa katikati ya mawazo hayo nilisahau kugonga kabisa. Mjomba alibaki amefumba macho, akingoja, na vijana nyuma yetu wakashika pumzi wakidhani anatafakari jambo zito.

"Yewe! Kocha leo iko na masikio ya sungura," mnene alilalamika baada ya kurudia mpaka jasho likamtiririka. "Hata nikilala usingizi atasema nimelala kwa kishindo."

"Nimekusikia," mjomba alisema bila kugeuka. Hakuwa amesikia kitu. Nilikuwa nimemgusa kiwiko.

Polepole nilizoea. Nilifika mahali pa kumtambua kila mmoja bila kumwona, kama unavyojua nani anapanda ngazi za nyumba yenu. Mnene alitoa mguno kabla ya kugusa chini. Mdogo kuliko wote, kijana wa Busasamana ambaye wenzake walimwita antene kwa urefu wake, alishuka kana kwamba anaomba ruhusa. Nilimpenda zaidi, nadhani kwa sababu na yeye alikuwa mtu wa wasiwasi. Katika mechi ya mwisho ya msimu goti lake la kulia lilikuwa limejipinda. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa umekwisha, na klabu ilimpa jibu moja: Jumamosi ya mwisho kabla ya wote kurudi Kigali, kocha wa Gisenyi apige simu. Akisema goti limepona, kijana atie saini. Akisema bado, watatafuta mrefu mwingine.

Niliamini siri ya masikio imefungwa vizuri. Kisha asubuhi moja ziwani, vijana wakipumzika mchangani, antene alikuja kukaa karibu nami akikamua maji kwenye kaptura yake.

"Yaya," alisema. Aliniita hivyo, dada mkubwa, ingawa nilimzidi miaka michache tu. "We ukienda kuleta chai, sisi bote tunashukaka muzuri."

Nikajifanya sielewi.

"Kocha anasema bon, bon, bon. Hata kwa huyu," akamwonyesha mnene, "mwenye kuanguka kama muzigo ya makaa."

"We antene, nyamaza!" Mnene alimrushia maji usoni. "Ukianguka we, habari inafika Busasamana kesho yake."

Kijana alicheka, akajifuta, akainamisha kichwa chake kirefu karibu na changu. "Tulijua tangu mwanzo. Lakini usimwambie kama tunajua. Itamuumiza."

Basi nilikuwa na siri mbili mkononi. Mjomba aliwaficha masikio yake, wao walimficha kwamba wamejua, na mimi niliketi katikati nikigonga mguu wa kiti. Nilijiuliza sana nani hasa anadanganywa. Lakini kila jioni nilipowasikia wakisema "Ndiyo, Kocha" kwa mzee aliyewapa mgongo, na kurudia mruko bila kubisha, niliwapenda wote kiasi kwamba niliacha kujiuliza kwa muda. Muda mfupi.

Wiki ya mwisho nilisikia kitu. Kijana wa Busasamana alishuka, na badala ya sauti moja zikaja mbili zilizokaribiana mno: mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kana kwamba wa kulia umesita kidogo kabla ya kukubali kugusa chini. Niligonga mara mbili. Alirudia, na nikasikia tena.

Nilitafuta kila sababu isiyokuwa goti. Niliona ufa kwenye saruji, nikaomba kreti lisogezwe. Nilifikiri ni kiatu, nikamwambia mnene ambadilishie. Miguu yao ililingana kwa ajabu. Nilifikiri ni mimi, nimechoka, nimezoea kutafuta makosa. Kijana alisogeza kreti, akavaa viatu vya mwenzake, akaruka. Hakuniuliza ninatafuta nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye anajua.

Mama yake alipita siku hiyohiyo akitoka soko la Mahoko, amemletea mjomba viazi. Aliniuliza kwa Kinyarwanda, "Na goti?"

"Tunaliangalia," nilisema. Jibu hilo nililichambua siku nzima. Halikuwa uongo, na halikuwa na maana yoyote.

"Mungu awabariki," alisema. "Wadogo zake nimeshawaambia anarudi Kigali."

Ijumaa ziwani kijana alinifuata nilipokuwa nikikusanya taulo.

"Yaya, kesho ugonge moja."

"Inakuuma?"

"Hainiume sana."

"Sana?"

"Kidogo tu. Asubuhi. Ikipata moto, inaisha." Alikuwa akichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Kocha hasikie. We tu ndiye unasikia. Kama we hausikie, hakuna mutu amesikia."

Nilimwambia nitafikiri. Alinitazama kwa huruma, maana kila mtu pale alijua kufikiri kwangu kulivyo.

Jumamosi wote walijipanga. Watatu walishuka vizuri, hata mnene, ambaye alijipigia makofi mwenyewe. Kisha akapanda antene. Mjomba alijiweka sawa kitini na kufumba macho. Nilisikia mruko, kimya kidogo, halafu ule wa kushoto, halafu ule wa kulia uliochelewa. Kisigino changu kiligonga mara mbili kabla sijaamua lolote.

"Rudia," mjomba alisema.

Alirudia. Safari hii pengo lilikuwa kubwa zaidi. Niligonga mara mbili.

"Rudia."

Nilisikia akipanda kreti, nikasikia pumzi yake ikikatika. Ndipo nikaona tulilofanya, mjomba na mimi. Alama zetu zilikuwa mbili tu: vizuri, au arudie. Hatukuwa na alama ya kusema basi. Kadiri nilivyosema ukweli, ndivyo nilivyomrudisha juu ya kreti, na kila mara goti lilikuwa likilipia. Ningegonga moja, ningemtuma Kigali akaliharibu huko. Ningegonga mbili, ningeliharibu hapa.

Alitua. Mguu wa kulia haukufika kabisa. Nilisikia mkono ukipiga saruji.

Niliinuka. "Tonton, asiruke tena!" Nilikuwa mbele yake, ili anione midomo. "Mguu wa kulia unachelewa. Tangu wiki hii. Anaumwa."

Nilikuwa nimesema mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyesikia. Mjomba alifumbua macho, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutwa amevaa shati la ndani mlangoni. Nilitamani ziwa linichukue.

Mnene ndiye aliyekohoa. "Eh, Kocha, si ndiyo ile ulikuwa unataka kusema? Nimeona bega lako imeinuka. Mi nikajua, Kocha amesikia kitu."

"Bega imeinuka," mwingine aliunga mkono haraka. "Mi pia nimeiona."

Mjomba aliwatazama mmoja mmoja. Nadhani alielewa yote kwa mara moja: kwamba walijua, na kwa muda gani. Aligeuza kiti chake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akakaa akiwaelekea.

"Bon," alisema taratibu. "Ndiyo ile nilikuwa nataka kusema. Lakini huyu binti iko na haraka." Kisha kwa kijana, aliyekuwa bado ameketi chini ameshika goti: "We mujinga. Ulikuwa unataka kunidanganya mi?"

"Oya, Kocha, hapana," kijana alisema, na machozi yakamtoka.

Tulikwenda watatu kwenye kibanda cha simu mjini, kijana akichechemea nyuma yetu. Mjomba alipiga namba, akasalimia, kisha akanisogezea upande wa kusikilizia wa kipokezi bila kujificha tena. "Mi nitasema. We sikiliza."

Alisema goti bado, lakini kijana ni mzuri, wampe muda. Alisema kwa kelele mpaka watu wa barabarani wakageuka. Mimi nilibana sikio kwenye kipokezi. Sauti ya Kigali ilijibu bila hasira: mgonjwa hawawezi kumsainisha. Aje katikati ya msimu, wamwangalie tena, kama nafasi itakuwapo.

Wote wawili walinitazama. Ningeweza kuliacha lile "kama." Nilimfikiria mama yake, niliwafikiria wadogo zake, nilifikiria njia kadhaa za kulilainisha, na kila moja ilikuwa na shimo ndani yake.

"Wanasema aje katikati ya msimu," nilisema. "Kama nafasi itakuwapo."

"Kama," kijana alirudia.

Wenzake waliondoka Jumapili. Mnene alimkumbatia muda mrefu kwenye kituo cha mabasi, akamwachia viatu vyake. Baada ya siku chache mjomba alimpeleka kwenye maji ya moto ya Rubona, yale yanayochemka kando ya ziwa, alikokwenda kila mwenye maumivu. Niliwafuata na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga kwenye karatasi. Niliwakuta wameketi bega kwa bega, suruali zimekunjwa, miguu ya wote wawili majini. Mjomba alikuwa akimweleza kwa kelele jinsi ya kuliimarisha paja kabla ya goti, na kijana alikuwa amemgeukia kabisa, ili midomo yake ionekane akijibu.

Niliweka karatasi kati yao. Kijana alichukua samaki mmoja bila kunitazama.

"Yaya, mi bado niko na hasira na we."

"Najua."

"Itakuwa hasira ya siku mingi."

"Sawa."

Alitafuna, akamsogezea mjomba karatasi, akatafuna tena.

"Na pilipili umeacha nyumbani?"

Nilirudi kuitafuta pilipili.